Kuusoma mguu kwa mkono: anatomia na biomekanika kwa wanafunzi wa huku kwetu

Mwanafunzi aliyekesha na chati ya mifupa ya unyayo atakutajia yote 26 asubuhi bila kuruka hata mmoja. Mkalishe mbele ya mgonjwa, mwambie aweke kidole juu ya navikula, mmoja wa mifupa hiyo, uone mkono unavyotangatanga. Hapo ndipo wengi wanapokwama. Mfupa au ukano haujaujua mpaka ujue unaushikia wapi juu ya ngozi, na ukiacha kufanya kazi yake mtu atatembea vipi.

Haya nayaandika kwa ajili ya wanafunzi wa utabibu, uuguzi na fiziotherapia wa Unguja na Pemba, pamoja na wale wanaojiandaa kwenda kusomea podiatria (taaluma ya tiba ya miguu) yenyewe, iwe Uingereza, Australia au Chuo Kikuu cha Johannesburg. Mkono unaoujua mguu unaweza kuandaliwa hapa hapa, kabla ya safari.

Hesabu ya mifupa tuimalize haraka. Nyuma na katikati ipo 7: talasi (mfupa wa kifundo), kalkaneo (mfupa wa kisigino), navikula, kuboidi na kuneifomu 3. Mbele yake metatasali 5 (mifupa mirefu inayoelekea vidoleni), kisha falanji 14 (mifupa ya vidole), kwa kuwa kidole gumba kina 2 na vidole vingine vina 3 kila kimoja. Sesamoidi 2 (vijifupa vidogo) zilizo chini ya kichwa cha metatasali ya kwanza hazihesabiwi katika hiyo 26, lakini zinabeba mzigo kila mtu anapojisukuma kwenda mbele.

Sasa shika mguu, wako au wa mwenzako. Anza kwenye jicho la mguu la upande wa ndani. Shuka upana wa kidole kimoja, utakuta ukingo mdogo mgumu: hilo ni jukwaa la kalkaneo linalobeba talasi, linaitwa sustentakulamu tali. Rudi kwenye jicho la mguu, sasa elekea mbele na chini kidogo mpaka upate nundu iliyotokeza ubavuni mwa unyayo. Hiyo ni navikula. Kama una shaka, mwambie mwenzako ageuze unyayo kwa ndani huku wewe unamzuia kwa kiganja. Ukano wa tibialisi posteria, msuli wa nyuma ya muundi, utasimama nyuma ya jicho la mguu na utaufuata kwa kidole mpaka unapoishia kwenye nundu ile ile. Kati ya jicho la mguu na navikula kuna kichwa cha talasi: geuza unyayo kwa nje, utakihisi kinajitokeza upande wa ndani, geuza kwa ndani, kinatokea upande wa pili.

Upande wa nje, kwanza tazama kwamba jicho la mguu la nje liko chini na nyuma zaidi kuliko la ndani. Mbele yake kidogo kuna kishimo laini. Ndani yake inaingia sinasi ya tasi (uwazi kati ya talasi na kalkaneo), na juu yake inapita ligamenti ya mbele inayotoka fibula (mfupa mwembamba wa nje wa muundi) kwenda talasi, ambayo huumia kuliko nyingine zote mtu anapoteguka. Fuata ukingo wa nje wa unyayo; katikati ya safari utagonga nundu, nayo ni tako (mwisho wa nyuma) la metatasali ya tano. Ikumbuke vizuri. Ni mojawapo ya sehemu zinazobonyezwa katika kanuni za Ottawa za kuamua nani apigwe eksirei baada ya kuteguka: sentimita 6 za mwisho za ukingo wa nyuma wa kila jicho la mguu pamoja na ncha yake, tako la metatasali ya tano, navikula, na kama mtu ameshindwa kukanyaga hatua 4, tangu pale alipoumia mpaka alipofika kwako. Mwanafunzi asiyejua kuipata navikula hawezi kuzitumia kanuni hizi, hata azikariri namna gani.

Ukishapata nundu ya navikula, itie nukta kwa kalamu ya wino mwenzako akiwa amekaa, unyayo umegusa sakafu bila uzito. Simamisha kadi ngumu pembeni ya mguu, weka alama mkabala na nukta. Mwambie asimame kawaida, weka alama ya pili, pima tofauti kwa rula. Ikizidi milimita 10 kwa kawaida huhesabiwa kuwa navikula imeshuka sana. Kosa la wengi ni kuifuata nukta: mtu akisimama ngozi inateleza juu ya mfupa, nukta inabaki pengine na nundu iko pengine. Ishike nundu upya kabla ya kuweka alama ya pili.

Talasi inastahili jioni yake peke yake. Hakuna msuli hata mmoja unaojishikiza juu yake. Inasukumwa na majirani zake tu. Zaidi ya nusu ya uso wake ni gegedu, kwa hiyo nafasi ya mishipa ya damu kupenya ni ndogo, na shingo yake ikivunjika mfupa unaweza kufa kwa kukosa damu. Sehemu yake ya juu, ile inayokaa kati ya tibia (mfupa mkubwa wa muundi) na fibula, ni pana mbele na nyembamba nyuma. Unyayo ukiinuliwa juu, sehemu pana inaingia na kifundo kinabana. Unyayo ukielekezwa chini, sehemu nyembamba ndiyo iliyomo na kifundo kinalegea. Kwa hiyo mtu huteguka akitua kwa vidole, siyo akitua kwa kisigino.

Anayetua kwa kisigino ana hatari nyingine, na Pemba msimu wa karafuu lazima mfikirie jambo hili. Mchumaji aliyeanguka kutoka juu ya mkarafuu akatua wima huvunja kalkaneo. Kwenye eksirei ya ubavu, pembe ya Böhler huwa kati ya digrii 20 na 40. Ikipungua, mfupa umebonyea. Msiishie hapo. Nguvu iliyovunja kisigino imepanda mpaka kiunoni, basi chunguzeni kisigino cha pili na uti wa mgongo hata kama mgonjwa analalamikia mguu mmoja tu.

Kiungo kilicho chini ya talasi, kati yake na kalkaneo, ndicho kinachowachanganya wanafunzi kuliko vyote, na ndicho kinachofungua biomekanika nzima. Mhimili wake haukulala wala haukusimama. J. T. Manter alipoupima mwaka 1941 alipata wastani wa digrii 42 kutoka ardhini na digrii 16 kuelekea ndani. Fikirieni mlango wenye bawaba iliyopigiliwa mshazari: ukiusukuma, unafunguka na wakati huo huo unainuka au kushuka. Ndivyo unyayo unavyofanya. Hauwezi kugeuka kwa nje peke yake. Unageuka nje, unaelekea pembeni na unainuka kidogo kwa pamoja, na mjumuiko huo ndio pronesheni. Kinyume chake ni supinesheni. Wastani wa Manter una mtawanyiko mkubwa, digrii 29 mpaka 47 kwa ile pembe ya kwanza na 8 mpaka 24 kwa ya pili, na tofauti hiyo ina maana kwa mgonjwa. Mwenye mhimili uliosimama zaidi, kisigino chake kinageuka kidogo lakini muundi unazunguka sana, kwa hiyo lawama huenda kwenye goti. Mwenye mhimili uliolala, kisigino ndicho kinachoyumba.

Simama pekupeku, nyayo sambamba, bila kuinua chochote. Zungusha magoti yote mawili kwa ndani: uvungu wa unyayo unashuka, uzito unahamia ukingo wa ndani. Yazungushe kwa nje: uvungu unapanda, uzito unakwenda kwenye kidole kidogo. Hukuugusa unyayo, umezungusha muundi tu, na bawaba imefanya iliyobaki. Zoezi hilo lisipoeleweka mwilini, michoro ya vekta itabaki kuwa michoro.

Kuna namna ya kuutafuta mhimili huo kwa kidole gumba, aliyoieleza Kevin Kirby mwaka 1987. Mgonjwa analala chali. Mkono mmoja unashika vichwa vya metatasali ya nne na ya tano kwa wepesi. Kwa kidole gumba cha mkono wa pili bonyeza unyayoni, ukianzia nyuma ya kisigino na kwenda mbele kwa hatua ndogo ndogo. Ukibonyeza upande wa nje wa mhimili, unyayo unageuka kwa nje. Ukibonyeza upande wa ndani, unageuka kwa ndani. Ukiwa juu ya mhimili wenyewe haugeuki popote. Tia nukta kila mahali unyayo usipogeuka, kisha ziunganishe. Kwa miguu mingi mstari unatoka nyuma-nje ya kisigino na kupita mbele karibu na nafasi ya kati ya metatasali ya kwanza na ya pili. Ukikuta umesogea sana kwa ndani, umeelewa kwa nini mtu yule ana nyayo bapa: sehemu kubwa ya unyayo iko nje ya mhimili, na kila ardhi inapousukuma, inausukuma kwenye pronesheni. Ukibonyeza kwa nguvu mno, au mkono wa kwanza ukishika kwa kukaza, kila mahali patakuambia uongo.

Mtakutana pia na mafundisho ya Merton Root ya miaka ya 1970, ya kumweka mgonjwa katika nafasi iitwayo nyutro (isiyoegemea nje wala ndani) ya kiungo cha chini ya talasi na kupima digrii za kisigino. Jifunzeni, maana lugha ya podiatria imejengwa juu yake. Lakini wapimaji wawili wenye uzoefu hutoa majibu tofauti kwa mguu mmoja, na kosa la digrii chache linatosha kumhamisha mgonjwa kutoka "mzima" kwenda "mwenye kasoro". Naegemea zaidi upande wa McPoil na Hunt, waliopendekeza mwaka 1995 kwamba tuanze kwa kuuliza tishu gani inazidiwa na mzigo, na tuupunguze vipi. Mgonjwa anakuja na mahali panapouma; digrii zake za kisigino hazimshughulishi.

Fasia ya unyayo, utando mgumu wa chini yake, inaanzia kwenye nundu ya ndani ya kalkaneo na kwenda kujishikiza kwenye matako ya falanji za kwanza. J. H. Hicks alieleza mwaka 1954 kinachotokea kidole gumba kinapoinuliwa: fasia inajizungusha kwenye kichwa cha metatasali, inafupisha umbali kati ya kisigino na mbele, uvungu unapanda na unyayo unakuwa mgumu, tayari kusukuma. Jaribio lake ni jepesi. Mtu asimame kwa miguu yote miwili, umwinulie kidole gumba kwa mkono wako, utazame uvungu. Ukipanda kwa urahisi, mfumo unafanya kazi. Ukihitaji nguvu nyingi, unyayo umekandamizwa kwenye pronesheni. Kidole kikikataa kuinuka hata mtu akiwa amekaa, tatizo limo ndani ya kiungo chenyewe.

Katika kutembea, kiungo hicho cha kidole gumba hutakiwa kuinuka kiasi cha digrii 65 wakati wa kujisukuma. Hapa kwetu kina kazi nyingine ambayo vitabu vya Ulaya havikuiwazia: kwenye sijda vidole vimekunjwa vikielekea kibla, na kwenye tahiyatu unyayo wa kulia unasimamishwa juu ya vidole hivyo hivyo. Mzee akikwambia "mwanangu, natembea vizuri, lakini tahiyatu siiwezi", amekupa nusu ya uchunguzi. Uliza ni mguu gani. Wa kulia: pima kidole gumba, tafuta mfupa uliojitokeza juu ya kiungo. Wa kushoto: ule umelazwa, kifundo kimenyooshwa chini na kugeuzwa ndani, mkao unaoivuta ile ligamenti ya mbele upande wa nje, kwa hiyo aliyeteguka zamani na hakupona sawasawa ataumia pale. Kwa Mashafii tahiyatu ya mwisho ni ya tawaruki, makalio chini na mguu wa kushoto umetolewa upande wa kulia, na jicho la mguu la nje linasuguana na sakafu. Sugu utakazoziona pale na juu ya unyayo wa kushoto ni za mkao. Msizitibu zote kwa kuzidhania ugonjwa wa ngozi.

Kifundo kinahitaji kiasi cha digrii 10 za kuinua unyayo, goti likiwa limenyooka, ili mtu atembee bila kuiba mwendo mahali pengine. Pima goti likiwa limenyooka, kisha likunje upime tena. Ukipata nafasi zaidi goti likikunjwa, kilichobana ni gastroknemiasi, msuli wa juu wa shavu la mguu, kwa kuwa ndiyo inayovuka goti; soleasi, msuli ulio chini yake, haivuki. Ukikosa pande zote mbili, ni soleasi au kiungo chenyewe. Wakati wa kupima, shika unyayo ukiwa umegeuka kwa ndani kidogo, ama sivyo katikati ya mguu itapinda na utaandika digrii ambazo kifundo hakina. Kumbukeni pia kwamba mtu anayeweza kuchutama chooni visigino vikiwa chini amekuonesha soleasi na kifundo tu, kwa sababu magoti yake yamekunjwa. Gastroknemiasi yake inaweza kuwa fupi vile vile, na ndiyo inayokutana mara nyingi na maumivu ya kisigino ya hatua za mwanzo za alfajiri.

Misuli midogo ya unyayo iko katika tabaka 4, ichoreni, msiikariri. Nyuma ya jicho la mguu la ndani mpangilio kutoka mbele kwenda nyuma ni tibialisi posteria, fleksa ya vidole, ateri na vena zake, neva ya tibia, fleksa ya kidole gumba. Kuijaribu tibialisi posteria, mtu asimame kwa mguu mmoja akigusa ukuta kwa ncha za vidole na ainue kisigino. Mtazame kwa nyuma: kisigino kinatakiwa kielekee ndani kinapopanda. Kisipoelekea, au akishindwa kupanda, ukano una matatizo, na nyayo bapa za upande mmoja zilizoanza ukubwani ndivyo zinavyojitangaza.

Wanaotafuta kitu cha kupasua, nendeni sokoni Darajani mkanunue mguu wa nyuma wa mbuzi, mkimwomba muuzaji akate juu ya kile kiungo kinachokunjika kwa nyuma. Wengi hudhani ni goti. Ni kifundo, na kile kilichochomoza nyuma ni kalkaneo, na ukano mnene uliojishikiza juu yake ndio wa Achilles. Pasua ngozi kwa urefu, tafuta kano za mbele na za nyuma, uvute mmoja mmoja uone kwato inavyojibu. Fungua kiungo uguse gegedu na ute wake. Uvungu wa unyayo usiutafute humo, mbuzi anatembea kwa kwato.

Kuangalia mwendo kunataka ukumbi wa mita 6 au zaidi, na miguu inayoonekana. Wanaume wapandishe msuri mpaka magotini. Kwa wanawake, chumba cha faragha na mchunguzi mwanamke, baibui ipandishwe au avae suruali fupi. Simu iweke chini sakafuni, usawa wa kifundo, irikodi polepole, kwa nyuma na kwa ubavu. Mguu mmoja unakaa chini kwa asilimia 60 ya mzunguko wa hatua na kuning'inia asilimia 40, na mara mbili miguu yote inakuwa chini pamoja. Nguvu ya ardhi ina vilele viwili katika kila hatua, na kila kimoja kinafika asilimia 110 mpaka 120 ya uzito: mtu wa kilo 70 anapokea kilo 77 mpaka 84 kila hatua. Kisigino kikinyanyuka mapema, rudi kwenye kipimo cha gastroknemiasi. Unyayo ukipiga sakafu kwa kishindo, tibialisi anteria, msuli wa mbele ya muundi, ni dhaifu. Papasa shingo ya fibula, ambapo neva inapita karibu kabisa na ngozi.

Kwa mwenye kisukari, haya yote yanabadilika uzito. Uzi wa nailoni wa kupima hisia, unaopinda kwa mzigo wa gramu 10, gusisha kwanza mkononi mwake ajue unavyohisiwa. Kisha afumbe macho, umwambie: "Bibi, kila nikikugusa sema naam." Gusa kidole gumba na vichwa vya metatasali ya kwanza, ya tatu na ya tano, wima, mpaka uzi upinde, sekunde 1 au 2. Usiuweke juu ya sugu. Usimuulize "umesikia?" kila mara, wala usiguse kwa mpigo mmoja, maana atakujibu kwa kufuata mpigo. Baada ya wagonjwa kama 10 upumzishe uzi saa 24, vinginevyo unalegea na kupima pungufu. Mapigo ya damu yatafute juu ya unyayo, pembeni ya ukano wa kidole gumba upande wa kidole kidogo, na nyuma ya jicho la mguu la ndani. Kama miguu ina hina au piko, kucha hazitakuambia rangi; bonyeza nyama ya ncha ya kidole kwa chini, na kama hina imefika mpaka hapo tegemea mapigo na joto. Tenganisha vidole, tazama katikati yake, maana miguu inayotiwa udhu mara 5 kwa siku bila kukaushwa hapo huchubuka na kuota fangasi, na kwa asiyehisi mchubuko ni mlango wa kidonda.

Sugu chini ya kichwa cha metatasali kwa mtu huyo ni mahali panapogandamizwa kila hatua. Ichongwe na aliyefunzwa, siyo kwa wembe wa nyumbani, kisha utafutwe mzigo ulioileta: ukano wa Achilles uliobana, kidole kilichokunjamana, au kandambili iliyolika upande mmoja. Na mguu wa kisukari uliovimba, mwekundu, ukizidi mwenzake kwa joto la nyuzi 2 au zaidi, usio na kidonda na usiouma sana, uchukueni kuwa ni wa Charcot (mifupa na viungo vinavyobomoka kwa sababu ya neva zilizoharibika) mpaka ithibitike vinginevyo. Eksirei ya mwanzo inaweza kutoka safi kabisa. Mgonjwa asikanyage, mguu ufungwe plasta au buti la kuuzuia usicheze, na asiruhusiwe kuukanyagia bila kinga mpaka joto la miguu miwili lilingane na eksirei ioneshe mifupa imetulia.